Nusu Inayoliwa Ndotoni

Nipakue, nisipakue?
Pakua.
Cha moto au cha vuguvugu?
Cha moto.
Nikidanganya je?
Tutameza.
Na nikisema kweli?
Tutatafuna polepole.
Basi sogeeni, kaeni mkao wa kula.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanasalimiana kabla ya kuliana, kulikuja kiangazi kirefu kama usingizi wa mgonjwa. Jua lilitoka, likakaa, likasahau kuzama. Mto ukakauka. Kisima kikakauka. Hata umande ukakauka. Mchana mazigazi yalitanda juu ya mchanga, wanyama wakaona bahari pasipo na bahari. Wakaifuata, ikarudi nyuma. Wakaifuata, ikarudi nyuma. Maji ya kweli yalibaki mahali pamoja tu, bwawa liitwalo Topetamu, na ndani ya Topetamu alikaa Mamba.

Jina lake Gogo. Aliitwa hivyo tangu ujana kwa sababu alijua sana kujifanya gogo. Alielea kimya, macho nusu, mpaka mnyama ainame kunywa, kisha chubwi, yamekwisha. Lakini hizo zilikuwa siku za ujana. Sasa hakuwa na haja ya kujifanya. Mafuta yalijaa tumboni yakahamia mgongoni, yakajaa mgongoni yakahamia shingoni, na yalipokosa pa kwenda yakakaa kwenye kope, ikawa hata kufumbua jicho ni kazi. Miguu yake ilikuwepo, lakini haikufika chini.

Kwa kuwa hakuweza tena kuwinda, Gogo aliweka sheria. Anayekunywa maji, alete kikapu. Basi Bi Kanga alileta mtama. Nungunungu alileta mihogo. Digidigi alileta matunda ya porini. Nyani alileta ndizi na asali. Kikapu kikitua, Gogo anafumbua kinywa. Hamu. Kingine kikitua, hamu. Na kadiri Gogo alivyonenepa, ndivyo watoto wa wanyama walivyokonda, mpaka Bi Kanga akasema vifaranga wake ukiwaweka juani hawana kivuli.

Sasa kulikuwa na Nguchiro mmoja, jina lake Zaituni. Mdogo, mwembamba, macho mekundu kama mbegu za mtipitipi, mjane mwenye watoto wachanga. Aliishi na wanawe ndani ya kichuguu cha mchwa nyuma ya matete. Huyu ndiye tutakayemfuata, msimpoteze.

Siku moja Zaituni alichukua kikapu cha karanga. Zilikuwa za mwisho ndani ya nyumba. Aliwaacha watoto wamelala, si kwa usingizi, kwa kukosa la kufanya, akashuka bwawani adhuhuri, wakati ambapo hata nzi wanatua wakapumzika. Akamkuta Gogo amelala topeni.

Khorrr, kh. Kisha kimya. Khorrr, kh. Kisha kimya kirefu zaidi. Zaituni akainamisha kichwa kusikiliza. Alidhani Mamba amekufa, na moyo wake ukaanza kupanga watu wa kuwapelekea habari. Jicho moja likafumbuka.

"Weka hapo."

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Weka hapo."

"Mjomba, ulikuwa unakoroma, ukanyamaza ghafla. Nikadhani umetuacha."

"Hata mimi hudhani hivyo," Gogo akasema. Sauti yake ilitoka mbali, kama mtu anayesemea ndani ya mtungi. "Nikilala, pumzi inanikwama kooni kama mfupa. Naota nazama. Mimi Mamba, naota nazama."

Akatazama ng'ambo ya bwawa, kwenye jabali moja pana, jeusi, lililolazwa juani. Akalitazama kama mtu anavyoitazama nyumba aliyokwisha kuiuza.

"Nilikuwa nalala kule," akasema. "Jua la asubuhi likinichoma mgongo, naona mbingu yote. Sasa sipandi. Tumbo ndilo linalotembea, miguu inalisindikiza tu."

"Hukujaribu kupungua, Mjomba?"

"Nimejaribu. Nilifunga. Asubuhi sikula. Mchana sikula. Jioni nikala vya asubuhi, na vya mchana, na vya jioni, na vikapu vyake. Nikawa mnene kuliko nilivyoanza."

Zaituni akakaa. Njaa ilikuwa imemkalia tumboni siku nyingi, na njaa ikikaa sana mahali pamoja huanza kusema. Siku hiyo ilisema, naye akafungua kinywa tu ipite.

"Mjomba, nani alikwambia dawa ya unene ni njaa? Njaa ni mkopeshaji. Atakuachia asubuhi, jioni anakuja na ndugu zake. Dawa ni kujua moto."

"Moto gani?"

"Kila chakula kina moto ndani yake. Ukila, moto unaingia mwilini. Ukitembea, unaungua. Ukiogelea, unaungua. Hata ukipumua, unaungua kidogo. Ule usioungua haupotei. Unajikunja, unageuka mafuta, unangoja. Wewe umeingiza moto wa tanuri la chokaa, kisha umelala. Utaacha kunenepa vipi?"

Gogo akawaza. Mawazo yalimpita polepole, kama mawingu yasiyo na mvua.

"Na nitajuaje moto wa chakula? Siuoni."

"Ndiyo maana nipo mimi. Karanga hizi unaziona ndogo, moto wake ni wa kuni za mkoko. Asali ni tamu, lakini inawaka upesi na kuomba nyingine. Muhogo ni moto wa kiasi, unadumu. Tango ni maji yaliyovaa ngozi. Mchicha ni moshi tu, kula ushibe. Tutapima kwa kifuu cha nazi. Kila siku kiasi chako, si zaidi, wala si pungufu."

"Kiasi gani?"

Hapa ndipo Zaituni alipovuta pumzi.

"Nusu ya kila kikapu. Ile nusu nyingine utaila ndotoni."

Kereng'ende mmoja akapita, akatua puani kwa Gogo, akaondoka.

"Ndotoni," Gogo akasema.

"Chakula kikiliwa ndotoni, Mjomba, kinashibisha moyo, tumboni hakifiki. Utamu wake wote unaupata, moto wake haukupati. Umewahi kumwona mtu aliyenenepa kwa ndoto?"

Gogo akatafuta katika kumbukumbu zake zote. "Sijawahi."

"Unaona."

"Na hicho chakula kinafikaje huko ndotoni?"

"Kuna mlango. Uko nyuma ya matete, karibu na kichuguu changu. Ila ni mlango mwembamba, lazima kipelekwe na mtu mwepesi."

"Wewe ni mwepesi."

"Siku hizi, Mjomba," Zaituni akasema, "mimi ni mwepesi sana."

Basi wakakubaliana.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu. Zaituni alitandika jani la mgomba, akagawa vikapu kimoja kimoja. Huku cha mwenye macho, huku cha mwenye usingizi. Huku cha mwenye macho, huku cha mwenye usingizi. Upande wa mwenye macho akaongeza mchicha, lundo kubwa.

"Kula polepole, Mjomba. Tafuna."

"Mamba hatafuni. Mamba anameza."

"Basi meza polepole."

Gogo akameza polepole. Tumbo likauliza, ndiyo hiyo tu? Akatoa machozi. Watu husema machozi ya mamba ni ya uongo, lakini ya siku hiyo yalikuwa ya kweli, na yalimwagika mpaka dagaa wakasogea kuangalia nani anatia maji bwawani.

"Sasa lala," Zaituni akasema. "Chakula chako kinatangulia."

Akavuta vikapu, paraparapara, mpaka nyuma ya matete. Kule, kwa kuwa alikwisha kuwanong'oneza, walikuwa wanangoja Bi Kanga na vifaranga, Nungunungu, Digidigi na mkewe, na watoto wa Zaituni wenyewe, wameshikana kama shanga.

"Kuleni," akawaambia. "Ila kimya. Ndoto haitafuni kwa kelele."

Wakala. Watoto wake walikula wakiwa wamefumba macho, na Zaituni akakaa anawatazama, mkono mmoja kwenye kikapu, amesahau kwamba na yeye ana njaa.

Alasiri akarudi bwawani. Alijua atamkuta Mamba amekasirika, kwa sababu mwenye njaa akilala halali vizuri, na ndoto haziagizwi kama mtu anayeagiza chumvi dukani. Lakini Gogo alikuwa amefumbua macho, anatazama juu.

"Nimekula," akasema.

"Umekula nini, Mjomba?"

"Vikapu vilikuja vyenyewe, vinaelea. Ile mihogo ilikuwa imeungwa kwa nazi."

"Mihogo ile haikuwa na nazi, Mjomba."

"Ndotoni ilikuwa nayo."

Nywele zikamsimama Zaituni mgongoni. Alikuwa ameusema uongo, na uongo umeamka, umefunga kibwebwe, umekwenda kazini wenyewe.

Ikawa hivyo siku zote. Asubuhi vikapu vinakuja, adhuhuri Gogo anakula nusu yake na kulala, nyuma ya matete nusu nyingine inaliwa kimyakimya, na alasiri Zaituni anaketi ukingoni kusikiliza. Siku moja Gogo aliota sima inapanda mbinguni kama mwezi mpevu, akaipapasa kwa ulimi, ikawa inapungua taratibu mpaka ikawa mwandamo. Siku nyingine aliota mvua ya tui, matone mazito ya uvuguvugu, na yeye amelala chali chini yake. Siku nyingine aliota njia ndefu imetandikwa vitumbua, akaitembea, na kila alipokanyaga hapakuvunjika.

"Hukuvila?" Zaituni akamwuliza.

"Nilisahau. Nilikuwa natembea."

Zaituni akaanza kuzingoja zile ndoto. Alizibeba mpaka nyumbani kama kuni za kuwashia jioni, akawapa watoto, nao wakalala wakiota ndoto za Mamba. Alikuwa hajui tena ni saa ngapi anamdanganya na ni saa ngapi anazungumza naye.

Kisha kulikuwa na matembezi. Zaituni alimwambia Gogo kwamba moto ulioingia tangu zamani na kujikunja, nao lazima uchomwe. Basi kila asubuhi, jua likiwa bado pole, Gogo alijikokota ukingoni. Kwata, kwata, buruuuu. Miguu inasema kwata, tumbo linaburuta mchanga, buruuuu. Mwanzo alifika kwenye mtunguja wa kwanza akaanguka hapo, puh, puh, akaomba aachwe afe. Zaituni akamwacha apumzike, wakarudi. Kesho yake walifika palepale. Hakumharakisha. Wakafika kichakani. Wakafika kwenye jiwe la Nyani. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa, na tumbo likawa halisemi tena buruuuu. Likawa linasema buru. Kisha bu.

Usingizi nao ukabadilika. Ile khorrr ikalegea, ile kh ikaondoka. Pumzi yake ikawa inaingia na kutoka kama upepo unaopita kwenye mlango uliosahauliwa wazi.

Alasiri moja Zaituni aliketi ukingoni. Akangoja ndoto.

"Leo nimemwota mama," Gogo akasema.

"Alikuwa anasemaje?"

"Hakusema. Unajua, sisi tulianguliwa wengi, mchanga mmoja. Aliyechelewa kumeza alimezwa. Tangu siku ile sijawahi kula bila kutazama nyuma. Kikapu kikija, namaliza, kwa sababu huwezi kujua. Lakini leo mama amenipa dagaa mmoja. Mmoja tu. Nikamla taratibu. Nikatazama nyuma, hakuna mtu. Nikashiba, Zaituni. Dagaa mmoja."

Zaituni alitazama maji. Neno lilimfika mpaka ulimini, neno la kusema, Mjomba, hakuna mlango wowote. Lakini nyuma ya matete walikuwa wanawe, na mashavu yao yalikuwa yameanza kuwa mashavu. Akalimeza lile neno, likashuka kwa shida.

"Ni ndoto nzuri, Mjomba," akasema.

Sasa Bi Kanga alikuwa mtu wa masikio. Asubuhi moja alimfuata Zaituni kichuguuni, mabawa yamemsimama.

"Jirani, leo Mamba alipopita hapa kwangu, nimesikia kitu."

"Umesikia nini?"

"Sikusikia kitu. Ndicho ninachokwambia. Kwata, kwata, kwata, basi. Tumbo haliburuti tena."

"Si vizuri? Anapona."

"Vizuri kwake," Bi Kanga akasema. "Zaituni, mamba mnene anaweka sheria. Mamba mwembamba hahitaji sheria. Umekaa kutwa unamnoa, na shingo ya kukatwa ni ya nani?"

Zaituni alikuwa amewaza jambo hilo mara nyingi, na kila mara alilisukuma mbele, kama mtu anayesukuma mlango usifunguke. Akawaambia wanyama siku hiyo wale upesi.

Lakini mwenye kushiba hali upesi. Adhuhuri hiyo jua lilikuwa limetulia, mazigazi yanacheza, na nyuma ya matete watoto walikuwa wamezoea raha. Kifaranga mmoja wa Bi Kanga akachokoa mtama kwenye jani kavu. Tak. Tak-tak. Tak.

Bwawani, Gogo alikuwa anaota yuko karamuni. Akasikia tak-tak ndotoni, akasema moyoni, nani anatafuna, mimi sitafuni. Akafumbua macho. Sauti ikaendelea. Zamani, kwa unene ule, angetaka kuinuka bwawa lote lingejua. Siku hiyo aliinuka kama moshi. Kwata haikusikika. Akapita katikati ya matete, matete hayakusema.

Zaituni alikuwa amempa mgongo. Aliona kwanza macho ya Digidigi yakiwa makubwa, kisha akaona kivuli kirefu kimelala juu ya vikapu, na kivuli kile kilikuwa na meno.

Mbiombio. Bi Kanga huyo, vifaranga hao, Nungunungu amejikunja amebingirika, watoto wa Zaituni shimoni, tumbukia tumbukia tumbukia. Zaituni hakukimbilia shimoni. Alijua Mamba akichimba kichuguu ataipata familia nzima. Akakimbia upande mwingine, mbali na wanawe, ukingoni, paraparapara, akizunguka bwawa.

Na nyuma yake, kwatakwatakwatakwata.

Alikimbia mpaka mtunguja wa kwanza, akajua hapo Mamba ataanguka. Hakuanguka. Alikimbia mpaka kichakani, akajua hapo ataomba afe. Hakuomba. Alikimbia mpaka jiwe la Nyani, na kwata ilikuwa karibu zaidi, laini, haina hata puh moja. Zaituni akaona jabali jeusi mbele yake. Akapanda, kucha zinateleza, akafika juu kabisa, akageuka. Gogo naye akapanda. Hatua moja, hatua mbili, yuko juu. Mkono wa Mamba ukamwangukia Zaituni mgongoni, si kwa nguvu, lakini ukakaa.

Wote wawili wakavuta pumzi. Jua lilikuwa linachoma jiwe. Mbingu ilionekana yote.

"Mpwa wangu," Gogo akasema.

"Naam, Mjomba."

"Ule ndio mlango wa ndoto?"

"Ndio wenyewe, Mjomba."

"Na wale waliokuwa wanakula?"

"Ndizo ndoto zenyewe."

"Ndoto zina manyoya?"

"Baadhi."

Gogo akafumbua kinywa. Zaituni aliyaona meno yote, safu kwa safu, na nyuma yake giza jekundu. Akawawaza wanawe shimoni, wanangoja sauti yake, na akajua ana nafasi ya kusema jambo moja tu.

"Kula, Mjomba. Ni haki yako. Lakini fungu lako la leo umekwisha kulila."

Kinywa kikabaki wazi. Hakikufunga, hakikushuka.

"Nguchiro mmoja," Zaituni akaendelea, taratibu, kwa sauti ileile ya kugawa vikapu, "tena nguchiro aliyelishwa kwa vikapu vyako kiangazi kizima, ni moto wa kuni za mkoko. Utaniweka wapi?"

Kinywa kikafunga. Gogo akakunja uso, anahesabu.

"Nikiruka mlo wa kesho?"

"Kuruka mlo ndiko kulikokuvimbisha, Mjomba. Unakumbuka vile vikapu."

"Nikila nusu yako?"

"Nusu ipi?"

"Ya nyuma."

"Ya nyuma ndiyo yenye mafuta."

"Ya mbele, basi."

"Ya mbele ina mdomo. Haitanyamaza tumboni."

Gogo akatafakari hilo muda mrefu. Upepo ulipita juu ya jabali, ukaondoka na joto kidogo. Kope zake, ambazo siku hizi zilikuwa nyepesi, zikaanza kushuka zenyewe, maana alikuwa amekimbia kuliko alivyowahi kukimbia tangu ujana, na jiwe lilikuwa na uvuguvugu wa kitanda.

"Kuna njia," Zaituni akanong'ona. "Unile ndotoni. Kule mimi mtamu zaidi kuliko hapa, na simnenepeshi mtu."

"Ndotoni," Gogo akasema.

"Ila lazima nitangulie. Usiponiacha nipite mlangoni, utanikuta wapi?"

Mkono wa Mamba ulikuwa bado mgongoni mwake. Zaituni alihisi kucha moja ikiinuka, kisha ya pili. Akaangalia jicho la Gogo. Lilikuwa nusu, kama zamani alipojifanya gogo, na hakuna mnyama aliyewahi kujua kilichokuwa ndani ya nusu ile.

"Usichelewe kufika," Gogo akasema, na mkono ukaondoka.

Zaituni hakukimbia. Alishuka jabali hatua kwa hatua. Alipofika chini alisikia juu pumzi ya Mamba, ndefu, tulivu, inaingia na kutoka, bila kh hata moja.

Siku ya pili hakuna aliyethubutu kwenda bwawani. Siku iliyofuata kiu ikawatoa. Wakashuka wote pamoja, isipokuwa Zaituni, vikapu kichwani, wakavitua mbali. Gogo alikuwa majini, macho tu yanaonekana.

"Nusu," akasema. "Nusu nyingine rudini nayo. Mnamchosha Zaituni bure kwa kubeba."

Wakatazamana. Bi Kanga alikuwa wa kwanza kugawa kikapu chake, naye alikigawa vibaya kwa haraka. Wakanywa, wakaondoka na chakula chao, wakala mchana kweupe, kwa kelele. Na mvua iliponyesha hatimaye, na mito ikafunguka, sheria ya vikapu ikafa yenyewe, lakini Gogo aliendelea kuzunguka bwawa kila asubuhi. Wanyama wakajifunza kunywa wawili wawili, mmoja akiinama, mwingine akitazama kila gogo linaloelea. Hilo halikuwahi kuwa lazima alipokuwa mnene.

Zaituni ndiye aliyechelewa kurudi. Alikuja alasiri moja, akakaa mbali na maji, umbali wa mtu anayejua mwenzake anakimbia vipi.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba." Gogo alikuwa juu ya jabali, tumbo juani. "Jana nililala vizuri. Nilikula."

"Ulikula nini, Mjomba?"

"Sikusema nini," Gogo akasema. "Nimesema nilikula. Wewe."

Ukoka ulinepa kwa upepo.

"Nilikuwaje?"

"Mgumu kidogo," Gogo akasema, akafumba macho. "Leo nitakuunga kwa nazi."

Nimefika kizingitini, mzigo nimeutua. Kilicho kitamu chukueni, kilicho chachu niachieni nitengenezee togwa.

Na mafunzo ya ngano hii, watoto, ni haya. Kwanza, uongo ni mbaya sana, hasa ukiwa na njaa, maana hapo ndipo unaposemwa vizuri. Pili, usimsaidie jirani yako apate afya kabla hujapima mbio zako na zake. Na la tatu, ambalo mama zenu wamenituma niliseme: mkiletewa sahani, malizeni chakula chote, msibakize hata punje. Ukibakiza nusu utakuwa mwepesi, utalala vizuri, utaishi miaka mingi, na majirani wote watashiba. Mnataka mambo kama hayo yatokee hapa kwetu?